Sabili ya Athmani

Mwaka 1984, mwezi wa Novemba, wakati Jeddah inasubiri mvua zake chache, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Ndipo nilipoanza kazi. Nilitoka Lamu kwa visa ya utumishi wa nyumbani, nikapelekwa kutoka uwanja wa ndege hadi nyumba ya ghorofa nne katika mji wa kale, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe kama zilivyojengwa za kwetu. Nilidhani nitapewa ufagio. Nilipewa beseni la maji ya moto, kipande cha sabuni isiyonukia, na amri ya kuosha miguu hadi magotini.

"Umekula kitunguu leo?" aliniuliza mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti nzito, na kwa kuwa alilelewa na yaya wa kwetu alisema Kiswahili cha jikoni kisichokosa neno. Mimi nilimwita Madam Mkubwa mpaka alipofariki.

"Sijala, Madam."

"Fungua kinywa." Akanusa. "Haya, shuka. Lakini huko chini hapasemwi. Hata bismillahi isome moyoni. Mate ya mtu mmoja yatanywewa na mtaa mzima."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa mara ya kwanza katika sahriji. Sahriji ni chumba kilichochimbwa chini ya ua wa nyumba, kikajengwa kwa matumbawe na kupakwa niru ya chokaa pande zote; Lamu tungekiita jabia. Mvua inaponyesha, maji ya paa hupita kwenye marizabu, yaani mifereji ya paa, yakateremka hadi kinywa cha jiwe kilichoko uani, na humo yakakaa gizani mwaka mzima bila kuota ukijani. Mvua ya kwanza haiingizwi. Hiyo huachwa ioshe paa, na njia yake huzibwa kwa tambara ili imwagike nje. Ya pili ndiyo ya kunywa. Kila mwaka, kabla ya msimu, mtu mmoja hushuka kwa vidato vilivyochongwa ukutani, akafuta matope ya mwaka uliopita kwa kitambaa cha pamba. Mwaka ule mtu huyo alikuwa mimi, na kwa miaka mingi iliyofuata nikaendelea kuwa mimi.

Wakati huo mji ulikuwa na maji ya bomba, na Madam Mkubwa aliyatumia kufulia na kuogea. Ya kunywa yalikuwa ya sahriji tu, naye alikuwa na sababu. Babu yake aliiweka nyumba ile wakfu kwa sharti kwamba maji ya mvua yanayokusanywa chini yake yapewe wapita njia. Katika ukuta unaotazama njia palikuwa na kidaka kirefu chenye mitungi miwili ya udongo na kata ya kutekea. Hiyo ndiyo iliyokuwa sabili. Hakuna aliyegonga mlango wala aliyeomba. Mwenye kiu alikunywa, akaenda zake. Kila Alhamisi niliiosha mitungi, nikaigeuza kifudifudi juu ya moshi wa mastaka, utomvu mweupe unaonukia, ili maji yachukue harufu yake. Nilipenda kazi hiyo kuliko zote.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilitoa ushauri mmoja tu, nao haukupokelewa. Nilimweleza Madam Mkubwa kwamba kwetu birika la uani hutiwa visamaki, wakala mabuu ya mbu.

"Samaki!" akasema. "Kumbe watu wa Lamu hawanywi maji, wanakunywa mchuzi."

"Madam, ni wadogo mno."

"Humo ndani ni giza, binti. Samaki wako atakuwa kipofu kwanza, kisha maiti, kisha chai yangu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa miaka kadhaa kila mgeni wa kike aliyekuja alisimuliwa habari ya visamaki vyangu, nami nilisimama pale na sinia, nikingoja wamalize kucheka.

Athmani alikuja mwaka 1987. Alikuwa mtu wa Lamu, mlinzi katika ghala moja la mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah, lakini kazi ya ukoo wao ilikuwa niru. Niru si chokaa tupu. Chokaa iliyochomwa hulowekwa shimoni kwa miezi hadi iwe laini kama maziwa ya mgando, ikachanganywa na majivu yaliyochekechwa, ikapakwa nyembamba, halafu ikasuguliwa kwa kokoto laini siku baada ya siku, mpaka ukuta ung'ae na tone la maji liteleze juu yake. Madam Mkubwa alikuwa akitafuta fundi, kwa sababu ukuta wa kaskazini ulikuwa ukinyonya maji. Mafundi wa Kipakistani walimwambia atumie saruji. Athmani aliugusa ukuta kwa kiganja, akasema saruji na matumbawe havioani. Baada ya miaka michache vingeachana, na nyumba ingelipa talaka.

Akapewa kazi. Yeye chini, mimi juu nikishusha na kupandisha ndoo, na Madam Mkubwa juu ya kigoda katikati yetu kwa ajili ya heshima. Kwa kuwa sharti la kunyamaza lilibaki palepale, aligonga ukuta kwa kokoto yake: mara moja akitaka niru, mara mbili akitaka maji. Siku moja, mwezi wa Machi mwaka 1988, akagonga mara tatu. Nikamtazama Madam Mkubwa, naye akanitazama.

"Tatu ni nini?" akauliza, akiinamia kinywa cha sahriji. "We fundi! Tatu ni nini?"

Athmani alipanda vidato vyote, akatoka nje, akajipangusa ndevu zilizojaa unga wa chokaa, ndipo akajibu. "Tatu, Madam, ni kwamba ninaona haya kuendelea kuvutiwa ndoo na mtu ambaye sijamwomba kwa wazee wake."

"Yalla!" akasema Madam Mkubwa. "Maliza ukuta kwanza. Posa baadaye."

Tulifunga ndoa katika mtaa wa Ghulail, mwezi wa Shaabani, Machi 1989, Madam Mkubwa akasimamia karamu. Alitupa chumba cha chini, karibu na ua. Mungu hakutujalia mtoto. Nalitaja hili mapema ili msomaji aelewe yanayofuata.

Mwaka 1993, mwezi wa Septemba, nilihamishiwa Riyadh, Athmani akabaki Jeddah. Binti wa Madam Mkubwa, niliyemwita Madam Mdogo, alikuwa amejifungua mapacha na alihitaji msaada katika nyumba yao ya Al-Sulimaniyah. Huko sahriji haikuwapo. Maji yalikuwa katika tangi la plastiki juu ya paa, na wakati wa kiangazi yalitoka bombani yakiwa moto wa kutosha kuivisha chai. Kazi yangu ilikuwa kupanda na kulisugua tangi hilo.

Mume wa Madam Mdogo alikuwa mhandisi wa majengo ya kale. Nilimwita bosi, hapa nitamwita Mhandisi. Siku za Ijumaa alitupeleka sote kwenye vijiji vya udongo nje ya mji, akatuonyesha kisima kilichochimbwa ndani ya ua, gogo la kuvutia kamba, na mahali kilipotundikwa kiriba, mfuko wa ngozi ya mbuzi ambao hutoa jasho na kuyapoza maji yaliyomo. Alikuwa mtu mpole, msomi wa kweli, na aliyajua mambo haya kwa mapana nisiyoweza kuyafikia.

"Jangwani hakuna aliyejenga nyumba," aliniambia siku moja, akiwa amesimama juu ya kisima kikavu. "Watu walijenga chombo cha maji, kisha wakaishi pembeni yake. Chombo kikifa, kinachobaki ni kuta tu."

Nilirudi Jeddah mwezi wa Juni mwaka 1996. Mwaka 1998, nikiwa na miaka thelathini na minane, nilianza kujifunza kusoma na kuandika katika darasa la wanawake huko Ghulail, kila jioni ya Jumamosi na Jumatatu. Wenzangu wengi walikuwa wasichana wa kazi waliojinyima usingizi ili wahudhurie. Sikuona aibu wakati ule, na sioni sasa.

Athmani alifariki mwezi wa Mei mwaka 2006, kwa maradhi ya kifua. Alizikwa Jeddah. Siku ya tatu ya matanga Madam Mkubwa, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha kumshinda, alishuka ngazi akishikiliwa na bintiye aliyekuja kutoka Riyadh, akatoka mlangoni hadi kwenye kidaka. Akaweka mkono juu ya mtungi.

"Kuanzia leo sabili hii ni ya Athmani," akasema mbele yetu. "Babu yangu ana thawabu za kutosha. Ampishe kidogo."

Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayowafaa watu, na mtoto mwema anayemwombea. Athmani hakuacha mtoto. Elimu yake hakumwachia mtu, kwani hakuna kijana aliyetaka kuloweka chokaa kwa miezi. Alichoacha ni ukuta alioung'arisha kwa mikono yake, na maji yaliyokaa ndani yake, na kiu za wapita njia. Tangu siku ile sikuosha mitungi kama mtumishi. Niliiosha kama mke.

Madam Mkubwa alifariki Februari 2012. Ukafili wangu, yaani udhamini wa kibali changu cha kuishi, ukahamia kwa Mhandisi, na usimamizi wa wakfu ukaenda kwa Madam Mdogo, ingawa ni mumewe aliyeshughulika kwa niaba yake. Nyumba ilibaki bila mwenyewe. Mimi nilihamia chumba cha kupanga Kandara, nikawa naenda kila asubuhi kufungua, kufagia na kujaza mitungi. Dereva aliyewekwa kunichukua alikuwa Njoroge, Mkenya wa Nyeri, Mkristo, kijana asiyenyamaza.

Mwezi wa Julai mwaka 2016, mwezi ambao Jeddah haijui wingu, nilifunua kinywa cha sahriji nikakuta maji yamepanda vidato viwili juu ya pale nilipoyaacha.

Njoroge alichungulia juu ya bega langu. "Mathe! Hii si miujiza? Maji imejaa na hakuna mvua!"

"Nyamaza, Njoroge."

"Aki mimi nimebeba chupa. Ni-fill?"

Nikamwambia asiguse. Harufu ilikuwa imekwisha kunifikia puani. Nilifahamu ni harufu ya nini, kwa maana nimefua nguo za wagonjwa. Siku hiyo niliipindua mitungi, nikaifunika sabili kwa ubao.

Mhandisi alisafiri kutoka Riyadh mwenyewe. Akachukua maji yakapimwe, na majibu yalipotoka alinieleza bila kunificha. Kwa miaka mingi majumba yalimwaga maji machafu katika mashimo yaliyo chini yake, mabomba yakavuja, matumbawe ni jiwe lenye matundu kama sifongo, na mji wote sasa umekaa juu ya maji uliyokwisha kuyatumia. Maji hayo yalikuwa yakipanda, na sahriji ilikuwa shimo lililo karibu nayo.

"Tuipake niru upya, bosi," nikamwambia. "Mimi nitailoweka chokaa mwenyewe."

"Sidhani itasaidia, mama."

"Jaribu tu. Sitakuomba jambo jingine."

Akakubali, na kwa hilo nitamshukuru hadi kaburini. Niliiloweka chokaa uani kuanzia Desemba 2016. Oktoba 2017 maji yalivutwa kwa pampu, kuta zikaachwa zikauke, na mafundi wawili wa Kiyemeni wakashuka kubandua niru ya zamani. Hawakuhitaji patasi. Ilijitoa yenyewe vipande vipana kama sinia. Njoroge alivipandisha kwa ndoo, akavipanga uani, na jua lilipovipiga viling'aa kama siku ile Athmani alipoiweka kokoto yake chini. Upande wa nyuma vilikuwa vyeusi na vimeoza.

Mhandisi aliokota kimoja, akakigeuza mara kadhaa kabla ya kusema.

"Kazi hii haina kasoro. Nataka ulijue hilo. Niru ilibuniwa kuyazuia maji ya ndani yasitoke. Uzito wa maji huigandamiza ukutani, nayo hushikamana zaidi. Lakini haya yanatoka nje. Yanaisukuma mgongoni. Hakuna fundi aliyewahi kutunga niru ya kuyazuia yasiingie, kwa sababu hapajawahi kuwa na maji nje."

Tuliipaka mpya hata hivyo. Mafundi walisugua wiki tatu. Mimi nilikuwa juu nikivuta ndoo, nikiwa na miaka hamsini na saba. Novemba mvua ilikuja. Ya kwanza niliimwaga, ya pili nikaiachia iingie. Maji yalitulia meupe, matamu. Vipimo vikasema ni safi. Niliuondoa ubao, nikafukiza mitungi, nikasimama kando ya mlango kumtazama mtu wa kwanza. Alikuwa mbeba mizigo Msudani. Alikunywa kata mbili, akajifuta mdomo, akaenda. Nililia kwa furaha, na Njoroge akageuka upande wa pili, kwa adabu ambayo sikujua anayo.

Furaha hiyo haikufika Ramadhani. Niru mpya ilianza kuota malengelenge chini, karibu na sakafu, kisha ikapasuka. Vipimo vya Aprili 2018 vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza. Mhandisi alinipigia simu. Alisema neno moja tu, "Halas, mama," yaani imekwisha.

Kutoka hapo mambo yalikuwa ya ofisi. Maji yale yalikuwa yanaanza kula misingi ya nyumba. Ilibidi sahriji ijazwe mchanga na saruji, na kwa kuwa sharti la wakfu lilitaja maji ya mvua yaliyo chini ya nyumba, hapakuwa na wa kulibadilisha ila kadhi. Kesi ilichukua muda mrefu. Njoroge alijaribu kunipa moyo kwa namna yake.

"Si ununue tu katoni za maji ugawe pale nje? Useme hii ni ya mzee. Mungu atakataa?"

"Hatakataa. Lakini hiyo itakuwa sadaka yangu kwa ajili yake."

"Na si ni sawa?"

"Ni sawa, mwanangu. Ila si yake. Yake ilikuwa ile aliyoiacha ikitembea yenyewe, hata mimi nikifa."

Akakuna kichwa. "Hapo umenishinda, mathe."

Vijana mnaosoma haya Lamu na kwingineko mtataka mzee awape wosia. Nimestaafu, naishi kwetu, katika nyumba yenye jabia ambayo watoto wa ndugu yangu wameigeuza ghala la viti vya plastiki. Wangu ni wosia mfupi. Nimezisoma sifa tunazowapa mafundi wa kale: kwamba walijenga vitu vya kudumu. Hawakujenga vya kudumu. Walijenga vitu vilivyohitaji mtu wa kushuka kila mwaka na kitambaa, na majirani wasiochafua ardhi waliyochimba pamoja. Vikikosa hayo, hufa kama chochote. Sikumwona mtu mwovu katika habari hii. Ningempata, huenda ningepumzika. Kila mmoja alimwaga maji yake kidogo, mahali asipopaona, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa kuwa nilifua na kumwaga kama wengine. Usiku mwingine hujiuliza Athmani yuko wapi na anapokea nini. Sina jibu, na waliojaribu kunijibu sikuwaamini.

Shauri liliamuliwa mwezi wa Oktoba mwaka 2021. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja. Niliitwa kama mtunzaji wa sabili. Mhandisi alisoma ripoti yake. Kadhi, mzee mwenye miwani minene, aliuliza kama kuna mwenye dai jingine juu ya maji hayo. Nikainua mkono, nikaeleza maneno ya Madam Mkubwa kando ya kidaka, siku ya tatu ya matanga.

"Nani mwingine aliyeyasikia?" akauliza.

Madam Mdogo alisimama. Nilimtazama. Nilikuwa nimewalea watoto wake.

"Mimi niliyasikia," akasema. "Mama aliyasema, na aliyasema kwa moyo wake wote. Lakini wakfu ulikuwa wa babu yake. Hakuwa na haki ya kumpa mtu mwingine." Akanigeukia. "Nisamehe, mama. Siwezi kusema uongo mbele ya kadhi."

Kadhi akaandika kwa muda. Alihukumu kwamba sahriji ijazwe. Kwamba manufaa ya wakfu yahamishiwe kwenye maji baridi katika msikiti wa mtaa mpya. Na kwamba yatajwe kwa jina la aliyeweka wakfu, wala si jina jingine. Kisha akavua miwani yake.

"Thawabu za miaka iliyopita hazifutwi, mama," akaniambia. "Aliyekunywa amekwisha kunywa."

"Na za kesho, sheikh?"

Alinitazama kwa huruma. Karani akaita kesi iliyofuata.

Nje, kwenye varanda, palikuwa na mashine ya maji na vikombe vya karatasi. Mhandisi alijaza kimoja, akaniletea kwa mikono miwili, kama mtu anavyomhudumia mama yake. Nilitaka kukikataa. Lakini nilikuwa nimekaa tangu asubuhi katika chumba kile chenye joto, na koo lilikuwa limekauka. Nikanywa yote, nikamrudishia kikombe, akanijazia cha pili.